Mjusi wa Bluu Aliyeingia Kati ya Mke na Mume

Duniani kote anapatikana Morogoro tu. Urefu wake ni wa kidole, na wako watu Ulaya wanaomjua kuliko sisi tunaopita kwao kila Krismasi. Mhariri wetu alikutana naye kwa mara ya kwanza sebuleni kwa shoga yake huko Ujerumani, akakuta ameshazua jambo.

Mpenzi msomaji, tuambizane ukweli. Ukisikia neno mjusi, kinachokujia kichwani ni ufagio. Tumekua naye, yule mjusi kafiri wa rangi ya uji anayejificha nyuma ya fremu ya picha ya harusi na kuchafua juu ya friji. Wengine tumelelewa tukiambiwa kumwua ni thawabu. Mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu zake na shahada ya uhandisi, akimkuta bafuni ananiita mimi.

Sasa nifikirie mwaka 2019. Nimefika Köln kwa semina ya kazi ya wiki moja, na badala ya hoteli nimeamua kufikia kwa shoga yangu tuliyelala naye chumba kimoja Mlimani. Sebule nzuri, kochi la kijivu, mashine ya kahawa inayopiga kelele kuliko bodaboda. Na kwenye kona, pale ambapo wewe na mimi tungeweka televisheni, yamesimama makasha mawili marefu ya kioo yenye majani, taa na mvuke, kama vile mtu amekata kipande cha msitu akakipangisha chumba. Katikati ya makasha hayo kuna kipande cha boksi, lile la kawaida la kuhamia nyumba, limesimamishwa kama ukuta.

"Subiri taa kubwa iwake," shemeji akaniambia kwa Kiswahili chake alichojifunza kwa mkewe. "Utamwona mtu wa kwenu."

Taa ikawaka. Dakika kama kumi hivi hakuna kitu. Halafu kwenye jani moja likajitokeza kitu cha bluu. Naomba unielewe, sisemi bluu ya shati la ofisini. Ni bluu ya kitenge kipya kabla hakijafuliwa, inang'aa mpaka unatafuta betri iko wapi. Chini ya tumbo rangi ya chungwa, na kooni mistari myeusi kama mtu aliyevaa tai. Akapandisha kichwa, akakishusha, akatutazama.

"Anatoka wapi?"

"Morogoro," akasema shemeji. "Kimboza." Akalitamka vizuri kabisa, kuliko ninavyolitamka mimi.

Morogoro nimepita mara ngapi? Nikienda Iringa, nikienda Dodoma, nikisimama Msamvu kununua maji. Kimboza sijawahi kuisikia. Nikamgeukia shoga yangu, Mluguru halisi, ambaye kwa mama yake ni Matombo, mwendo mfupi tu kutoka msitu huo. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake cha chai.

Nikaona nichangamshe baraza. "Na hilo boksi katikati ni la nini? Wamepeana talaka?"

Hakuna aliyecheka.

BWANA NA NGUO ZAKE

Kabla sijakuambia kilichotokea jikoni usiku ule, ngoja nikutambulishe kwa mhusika mwenyewe, maana ana mambo yake.

Kitaalamu anaitwa Lygodactylus williamsi. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi ni Arthur Loveridge, mwaka 1952, Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Sisi tumwite mjusi wa bluu wa Kimboza, yatosha. Kutoka pua hadi ncha ya mkia ana sentimita 8 tu akiwa mkubwa. Tofauti na mjusi kafiri wa nyumbani, huyu hafanyi kazi usiku. Anaamka na jua, anaota jua, anawinda wadudu wadogo, na jua likizama naye amelala. Vidole vyake vina vishikizo vya kumwezesha kutembea juu ya kioo, na chini ya ncha ya mkia vipo vingine. Yaani ana mguu wa tano wa akiba.

Ile bluu niliyokusifia ni ya dume, na si kila dume. Ni ya dume lenye eneo lake. Mwanamke ni wa kijani kilichochanganyika na kahawia, rangi ya shaba iliyokaa muda. Madume vijana, na hata dume kubwa lililonyang'anywa nafasi na mwenzake, hubaki na rangi hiyo hiyo ya kike, kimya kimya, wakisubiri siku yao. Bwana mkubwa akiondoka, wa pili huanza kubadilika. Wanaume wa ofisi fulani ninazozijua watanielewa.

Akitaka kuposa, dume hujaza koo lake, huonyesha ile tai nyeusi na kutikisa kichwa huku akimsogelea mwenzake kwa ubavu. Jike akikubali, baada ya wiki chache hutaga mayai, mara nyingi 2, meupe na magumu, na huyabandika mahali pa kujificha kwa namna ambayo ukijaribu kuyabandua unayapasua. Wakitotolewa, baada ya miezi 2 au 3, kila mtoto ana urefu usiozidi ukucha wa kidole gumba changu kwa mbali.

Na nyumba yao? Ni mti mmoja tu. Hapa dada zangu wa Pwani mtanielewa haraka. Mnaujua mkadi, ule mti ambao maua yake yenye harufu kali, kadi, huchanganywa na asumini na mrehani kwenye kikuba? Basi huko Kimboza kuna ndugu wa mkadi huo, aitwaye kitaalamu Pandanus rabaiensis. Majani yake ni marefu kama mapanga, yana miiba pembeni, na yanapokutana kwenye shina huweka vijibwawa vya maji ya mvua. Mjusi wa bluu anakunywa humo, anajificha humo, anazaa humo. Mti mmoja kwa kawaida ni kaya moja. Yuko baba, yuko mama au akina mama, na wako watoto. Mpeleke kwenye mwembe au mnazi wa jirani, hautaki.

Msitu wa Kimboza wenyewe una ukubwa wa hekta kama 400, chini ya Milima ya Uluguru upande wa mashariki, juu ya mawe ya chokaa. Ukijumlisha na Hifadhi ya Msitu wa Ruvu iliyo jirani (si Ruvu ile ya Mlandizi, ni ya Morogoro) na vipande vidogo vya pembeni, eneo lote ambalo kiumbe huyu anaishi kweli ni kama kilomita 8 za mraba. Dunia nzima. Kuna mashamba ya mkonge makubwa kuliko hapo.

SI MNYAMA WA KUANZIA

Shemeji yangu si mtu wa mchezo mchezo. Alianza na vinyonga akiwa shule, akaenda kwa mijusi ya Madagaska, na alipofika kwa huyu alikuwa na miaka 15 ya uzoefu. Wiki ile nilimwangalia akifanya kazi, na nakiri nilimwonea wivu shoga yangu. Mwanamume anayekumbuka saa ya kunyunyizia maji, jamani!

Kasha lazima liwe refu kwenda juu, kwa sababu hawa ni watu wa miti. Mchana joto liwe nyuzi 25 hadi 30, na pawe na sehemu moja ya kuotea jua yenye joto zaidi. Usiku lishuke. Maji hunyunyiziwa ili majani yabaki na matone, kwani wengi hawanywi kwenye bakuli. Taa lazima itoe miale kama ya jua halisi, ile inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D, na ibadilishwe kwa ratiba hata kama bado inawaka, kwa kuwa miale hufa kabla mwanga haujafa. Ukizembea hapo, mifupa inalainika, taya linapinda, na mnyama anakufa polepole huku anakutazama.

Chakula ni inzi wadogo wa matunda na vitoto vya nyenje, wote wakinyunyiziwa unga wa kalsiamu kama karanga zinavyopakwa chumvi. Jike huhitaji kalsiamu nyingi zaidi. Alinionyesha kwa tochi vifuko viwili vyeupe shingoni mwa jike mmoja, kama amevimba matubwitubwi, kumbe ni akiba ya kalsiamu ya kutengenezea maganda ya mayai. Ukiweka madume mawili pamoja, mmoja atamaliza maisha ya mwenzake. Na mayai yakibandikwa kwenye kioo, mfugaji huyafunika na kikombe kidogo chenye matundu ili watoto wakitoka wasiliwe na wazazi wao wenyewe.

Yote hayo alinieleza kwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumzia mtoto wake. Lakini kila alipofika kwenye neno "Kimboza" alimtupia mkewe jicho, kama vile anaomba ruhusa.

JIKONI, SAA 5 USIKU

Tuliosha vyombo wawili, yeye anasugua, mimi nafuta.

"Walipotoka kunichumbia," akaanza, "ndicho kitu cha kwanza alichoniambia. 'Nina kitu cha kwenu nyumbani kwangu.' Nikaona huyu ni wa peke yake. Mzungu anaijua Kimboza! Nilimpigia mama, akacheka mpaka akakaa chini. Ati Wazungu wanafuga mijusi."

Kisha, mwaka 2015, alikwenda likizo. Jioni moja, kwa mjomba wake, akaonyesha kwenye simu picha za nyumbani kwake Köln. Mjomba kwa Mluguru si mtu mdogo, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni neno. Mzee akachukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akasema, "Hawa. Kumbe walikuwa wanakuja kwenu."

Akamsimulia. Vijana walikuwa wakija na magari na mifuko. Mkadi una miiba, kuupanda ni taabu na mijusi hukimbilia ndani ya majani, kwa hiyo njia rahisi ilikuwa panga. Kata mti, uanguke, okota. Mjomba alisema kuna sehemu za msitu alizozijua tangu utoto ambazo mikadi ilikuwa imelala chini kama ndizi zilizopigwa na upepo.

"Niliporudi nikamwuliza, wa kwako umewapata wapi? Karatasi ziko wapi? Akasema aliwanunua mwaka 2009 kwa mtu, kwenye gulio la wafugaji, na yule mtu alimwambia wamezaliwa hapa hapa kwenye kioo. Nikamwuliza, ulimwamini? Akanyamaza. Shoga, kunyamaza kule kulinikaa hapa." Akagusa kifua kwa mkono wenye povu.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia wewe unaijua Kimboza kwa nyuzi za joto na asilimia za unyevu. Hujui kwamba mti uliompa huyu mjusi ulikatwa. Mimi na hao wadudu wako ni wa kijiji kimoja, ila mimi nilikuja na viza."

Walikaa miezi bila kuelewana. Usicheke. Wanandoa wameachana kwa rimoti.

HALALI KULE, WIZI HUKU

Nilipotaka kuandika makala hii nilisoma kilichoandikwa na watafiti, na mjomba hakutia chumvi hata punje. Utafiti wa Wajerumani uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba msituni kulikuwa na mijusi wakubwa wapatao 150,000. Usifurahie namba hiyo haraka. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi wasiopungua 32,310, na huenda wakafika 42,610. Nimepiga hesabu ya kiwango cha chini. Ni kama 19 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu, kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Na hilo ni kundi moja. Wangapi walikufa ndani ya mifuko kabla ya kufika uwanja wa ndege haimo katika hesabu hiyo.

Kimboza ni msitu wa hifadhi, wa kulinda vyanzo vya maji. Hakuna aliyeruhusiwa kumkamata mjusi huyu humo. Walitoka vipi? Wengine walisafirishwa kwa majina ya ndugu zao wa kawaida. Kwenye karatasi kimeandikwa mjusi mwingine, ndani ya kasha yumo wa bluu. Ofisa wa forodha atajuaje tofauti ya mijusi ya sentimita 8, hasa majike?

Hapo ndipo ilipokuwa kiini cha ugomvi wa shoga yangu na mumewe, na kwa kweli kila mmoja alikuwa na hoja. Mwaka 2009 sheria za Ulaya zilikuwa bado hazijamgusa mjusi huyu. Kwa hiyo kumiliki kitu kilichoibwa Morogoro hakukuwa kosa Köln. "Sikuvunja sheria," alisema shemeji. "Ya nani?" aliuliza mkewe.

Mwaka 2012 shirika la IUCN lilimweka katika kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Mwishoni mwa 2014 Umoja wa Ulaya ukaanza kudhibiti biashara yake. Mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya kwa pamoja walipendekeza apandishwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kundi moja na kobe na kasa waliokatazwa, na pendekezo likapita. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa porini imekatazwa. Mei mwaka huo huo wa 2016 serikali yetu ilikuwa imeshatangaza kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Shemeji alikwenda kuwaandikisha wa kwake kwa mamlaka ya eneo lake, watoto na wajukuu wa wale wa 2009, maana wazazi walikuwa wameshakufa. Alieleza yote, pamoja na lile gulio. Aliporudi nyumbani na stakabadhi zake alidhani yamekwisha.

Hayakuisha. Mkewe alitoa sharti moja. Wasizalishwe tena.

Ndiyo sababu ya lile boksi. Madume upande huu, majike upande ule, na katikati ukuta wa karatasi ili wasionane, kwa sababu yule bwana wa bluu akimwona jike hata kupitia vioo viwili anaanza kujaza koo na kutikisa kichwa siku nzima, hali chakula.

Hapa, mpenzi msomaji, mimi na shoga yangu tulitofautiana, na nilimwambia pale pale jikoni. Mfugaji hodari mwenye karatasi zake, anayezalisha watoto halali, si anasaidia? Anayetaka mjusi atampata kwake, panga lipumzike. Zipo bustani za wanyama Ulaya zinazowazalisha kwa mpango maalumu.

Akanijibu huku anakamua sifongo. "Kila aliyeuza wa wizi alisema wamezaliwa kwenye kioo. Ukimtazama kwa macho utamjuaje? Kila mmoja anayezaliwa hapa halali anampa mwizi kisingizio. Labda nimekosea. Lakini nyumba hii ni yangu pia."

Bado nadhani alikuwa mkali mno. Bado sijapata jibu la kumpa, vilevile. (Bei yake sokoni naijua, na sitaiandika. Nawajua baadhi yenu.)

KIMBOZA YENYEWE

Walikuja Desemba 2022. Nikamvuta mume wangu, tukawa wanne kwenye gari, na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mkononi, kwa sababu msitu wa hifadhi hauingii tu kama unaingia dukani. Kutoka Morogoro mjini unashika njia ya Bigwa, unapita Mkuyuni, migomba kulia, migomba kushoto, Uluguru imevaa mawingu yake. Mto Ruvu unatoka kwenye milima hiyo. Wewe unayesoma hapa ukiwa Sinza au Mbezi, maji uliyoogea leo asubuhi huenda yamepita chini ya safu hii.

Nilivaa viatu vya wazi. Usifanye hivyo. Chini ya majani makavu kuna mawe ya chokaa yenye makali na mashimo, na mguu ukiingia pale unatoka na hadithi. Mlinzi wa msitu alitembea mbele kimya. Alituonyesha miti ya sedrela, mti wa kigeni kutoka Amerika, ulionyooka na mzuri wa mbao, unaosambaa kwa kasi na kuinyima mikadi mwanga na nafasi. Alituonyesha pia pembezoni palipoungua. Moto wa kuandaa shamba ukitoroka, mkadi hauna pa kukimbilia na mjusi hana mti wa pili. Nilikuwa nimekuja na picha ya mwizi mmoja mwenye panga, kumbe wako na wengine wasiokuwa na gari wala mfuko.

Tukafika kwenye mikadi. Shemeji akasimama. Mtu huyu amenyunyizia maji majani ya aina hii kwa miaka 13, na hajawahi kuyaona yakiwa na urefu wa kumzidi yeye. Akagusa mwiba mmoja kwa kidole, akaangalia kidole.

Tulingoja karibu saa nzima. Mume wangu, yule wa bafuni, ndiye aliyemwona wa kwanza. Alinishika bega kwa nguvu nikajua ama ni nyoka ama ni yeye. Kwenye jani, juu ya vichwa vyetu, pale jua lilipopenya, alikuwa ametulia dume mmoja. Nitakuambia kitu kilichonishangaza. Hakuwa anang'aa kama yule wa Köln chini ya taa. Msituni ile bluu inachanganyika na mwanga na kivuli, unamwona, unampoteza, unamwona tena. Chini yake kidogo alikuwapo mwenzake wa rangi ya shaba. Akajaza koo, akatikisa kichwa, jike akamgeuzia mgongo.

Shemeji hakutoa kamera. Nilimsikia akimwambia mkewe kwa Kijerumani maneno mafupi, sikuyaelewa na sikuuliza. Shoga yangu hakumjibu. Alimtoa jani lililonasa kwenye kola ya shati, akaliacha lianguke.

Kisiki kimoja cha zamani kilikuwa hatua chache kutoka pale, kimekatwa kwa mteremko, alama za panga zimeota ukungu. Mlinzi alikipita bila kusema kitu. Sisi wote tulikiona.

Kama unataka kwenda, siku hizi ni rahisi kuliko wakati wetu. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inakufikisha Morogoro kutoka Dar kwa chini ya saa mbili, na kutoka hapo ni gari la kukodi na viatu vya kufunika. Kibali kwanza. Usishike, usitikise mti, usiulize vijana wa njiani kama wanaweza "kukupatia" mmoja, hata kwa utani. Kumbuka pia kwamba kumkamata au kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata akiwa mdogo kuliko kalamu yako.

Jioni tulishuka Matombo kwa mjomba. Tulikuta ugali, kisamvu na kuku aliyechinjwa kwa heshima ya mkwe. Mzee alikula taratibu, akanawa, akamgeukia shemeji.

"Wale wa kwako huko, hawajambo?"

"Wamebaki wawili, baba. Majike. Wazee."

"Na wakiisha?"

Shemeji akamtazama mkewe. Nilidhani tunarudi jikoni Köln.

"Vioo nitauza," akasema.

"Taa hatuuzi," shoga yangu akadakia, akimwongezea mumewe kisamvu. "Zile taa nataka kuoteshea mchicha."